Anayelipa Karo ni Farasi

Kila baada ya uchaguzi magazeti yetu hutuambia kwamba fulani ameshika hatamu. Tunaelewa maana yake: amepata mamlaka. Lakini wengi wetu hatujawahi kushika hatamu yenyewe, ule ukanda wa ngozi, kwa hiyo hatufikirii upande wa pili umefungwa wapi. Umefungwa kwenye lijamu, na lijamu, ambayo mara nyingi ni chuma, hukaa mdomoni mwa farasi, juu ya ulimi na ufizi, pale penye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego. Chini ya ufizi huo ni mfupa. Hapana nyama ya kuukinga.

Sasa mpe mtoto wa miaka tisa hizo hatamu. Hajajua hata kukaa. Farasi akianza mchakamchaka, mtoto anarushwa juu chini kama gunia la viazi kwenye bodaboda, na mikono yake inafanya kile mikono ya mtu yeyote hufanya akiogopa kuanguka: inashika kilicho karibu. Na kilicho karibu ni mdomo wa kiumbe mwingine.

Waarabu wana methali juu ya kinyozi anayejifunza kunyoa kwenye vichwa vya mayatima. Swali langu ni hilohilo. Anayejifunza lazima akosee, sawa. Lakini makosa yake yalipiwe na nani?

Kuna jibu la haraka nililolisikia sana nilipokuwa nikifanya kibarua cha kuliandikia matangazo zizi moja upande wa Karen (nilikuwa nimeacha chuo na kodi ya nyumba ilikuwa haijui hilo). Jibu lenyewe ni kwamba farasi wa mafunzo "amezoea". Kweli, amezoea. Farasi aliyevutwavutwa kwa miaka mdomo wake huwa mgumu, haitikii tena mguso mdogo. Lakini kuzoea si kukubali. Abiria wa matatu ambaye hagombani tena na kondakta mvua ikinyesha na nauli ikapanda hajasema bei ni nzuri. Amechoka tu.

Jibu la pili ni la kupiga kelele: "Tuliza mikono!" Mzazi aliye kwenye ua anaipenda sana hiyo. Mtoto anatii, anakaza mabega, anagandisha ngumi hewani kama sanamu. Kwa macho ya mzazi mikono imetulia. Kwa farasi, mambo yameharibika zaidi. Farasi akitembea, kichwa chake huenda mbele na kurudi kila hatua, kwa hiyo ngumi iliyoganda humgonga mdomo kila hatua. Kwenye mchakamchaka kichwa hutulia kiasi, lakini sasa ni mpandaji anayepanda na kushuka, na viwiko vyake lazima vifunguke na kufunga ili ngumi zibaki mahali pake. Kwenye shoti kichwa huanza tena kwenda na kurudi. Yaani mkono uliotulia ni mkono unaocheza. Utulivu wake haupimwi kutoka kwenye ua, hupimwa kutoka mdomoni.

Kwenye zizi lile kulikuwa na saisi mmoja mzee ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kuswaki farasi na kufagia mavi. Siku moja mwalimu hakuja, akaachiwa msichana mmoja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwondolea hatamu.

"Mami, leo hizi si zako."

"Lakini uncle, nitamsimamisha na nini?"

"Nitamsimamisha mimi. Wewe kaa."

Akamfunga farasi kamba ndefu, akamzungusha. Msichana alishika ukanda uliovishwa shingoni mwa farasi, kisha mkono mmoja, kisha akanyoosha mikono yote miwili kama ndege. Alipiga kelele, akacheka, akakaa. Mjini Vienna, kwenye ile Shule ya Kihispania ya kupanda farasi iliyoanza karne ya 16, wanafunzi wapya huzungushwa hivyohivyo kwenye kamba, bila hatamu na bila vikuku vya miguu, kwa miezi mingi. Sidhani saisi alihitaji habari za Vienna.

Ninachokiona katika mpango huo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundi. Usimpe mtu mamlaka juu ya mwingine kabla hajaweza kukaa bila kumshikilia. Mkono mbaya mara nyingi si mkono katili. Ni mkono wa mtu asiye na pa kujishika.

Bado kuna deni linalobaki, na silifichi. Mtoto atakalishwa vizuri, hatamu zitafungwa kwanza kwenye kamba ya kichwani badala ya lijamu, atapewa kafimbo akashike kwa vidole gumba vyote viwili ili kikienda upande aone mkono upi unatangulia. (Karibu kila mara ni ule wa kuandikia, halafu mtoto analalamika kwamba farasi ndiye anavuta upande huo.) Lakini siku moja chuma kitakuwa mikononi mwake na atakosea, na farasi hakuulizwa. Sina hoja ya kulifuta deni hilo. Nadhani tu mtoto aambiwe kwamba lipo.

Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto wawili, anasema huko ni kumtia mtoto hofu bure, mwache afurahie. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa Gredi ya Nne anajua maumivu ya mdomo kuliko sisi. Meno yake mengine yametoka juzi.