Bei Rahisi na Bei ya Haki

Mama wa nyumba atafutaye bei rahisi hatendi dhambi; kubana matumizi ni wema. Lakini je, kila kilicho rahisi chafaa kununuliwa?

Wahenga walisema: rahisi huvunja upishi. Maharage makavu, chumvi na sabuni zilizopunguzwa bei na zinunuliwe bila wasiwasi. Bali kopo lililovimba, hata kwa nusu bei, lisifike mezani.

Upo urahisi mwingine, nao huumiza roho. Huku kwetu Songea, mavuno ya mahindi yakiingia, bei hushuka, na mkulima mwenye deni la mbolea au ada ya mtoto hulazimika kuuza. Ndipo mnunuzi hudai lumbesa: gunia lenye kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu lizidi kilo 100. Hulipia gunia moja, akachukua na ziada. Punguzo hilo hakulitoa mkulima kwa hiari. Limetolewa na shida yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, mnunuzi huyo ametenda udhalimu, tena yampasa kurudisha. Twaona kwamba shida ya mtu haina tofauti na kutojua kwake: haifai kugeuzwa faida.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kufurahia bei sokoni, tujiulize: kilichopungua hapa kimelipwa na nani? Kama ni mtoto wa mkulima aliyekosa daftari, tumlipe baba yake haki yake.