Jopo Likiamua, Nani Anajibu?

Tangu ripoti ya Calman na Hine ya 1995, matibabu ya saratani Uingereza yamejengwa juu ya kazi ya jopo: mpasuaji, daktari wa mionzi, mtaalamu wa patholojia na muuguzi bingwa huketi juu ya faili moja. Mwenye faili kwa kawaida hayumo chumbani. Kitabibu utaratibu huu una manufaa makubwa, maana mpasuaji akiachwa peke yake huelekea kisu, na wa mionzi huelekea mionzi. Linalonisumbua ni la kimaadili: uamuzi ukishakuwa wa wengi, nani anaubeba?

Utafiti wa ProtecT, wa huko huko Uingereza, unalifanya swali hili liwe zito. Wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa walipangwa kwa bahati nasibu: wapasuliwe, wapigwe mionzi, au wafuatiliwe kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15, yaliyotoka 2023, yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani hiyo ni 45 tu, na makundi yote matatu yalikaribiana. Ni kweli, kwa waliofuatiliwa saratani ilisambaa takriban mara mbili zaidi. Lakini miezi sita baada ya kupasuliwa, karibu nusu ya wanaume walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja. Hakuna kipimo cha maabara kitakachosema lipi ni afadhali, kuishi na hofu au kuishi na pedi, wala nguvu za kiume zina uzito gani katika ndoa ya fulani.

Watasema mgonjwa hana elimu ya kuamua. Elimu ya ugonjwa hana. Ya maisha yake anayo kuliko jopo zima. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery ya 2015, ilimtaka daktari aeleze hatari ambazo mtu mwenye hali ya mgonjwa angezipa uzito. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba saratani ya kibofu iliyoingia kwenye msuli haisubiri mazungumzo marefu. Nakubali, ingawa hata huko baadhi ya wagonjwa wanaweza kuchagua kati ya kutolewa kibofu na kukihifadhi kwa mionzi na dawa. Wala sidai mgonjwa aingie kikaoni. Faili ni nyingi, na wataalamu wanahitaji kubishana bila kuchunga maneno. Ninachodai ni kwamba kabla ya pendekezo kuandikwa, muuguzi aliyezungumza na mgonjwa aseme mgonjwa huyo anaogopa nini na anataka kuishi vipi. Kisha daktari mmoja, kwa jina lake, aketi naye na kumwambia, “Mimi nakushauri hivi,” kwa sababu “jopo limeamua” haimwachii mtu wa kumuuliza kwa nini. Na kama wataalamu hawakuafikiana, amweleze hilo pia, kwani mgawanyiko wao ni sehemu ya yale anayopaswa kuyapima.