Asilimia Yangu Ilikuwa Nzuri

Miaka miwili iliyopita nilimtoa rafiki yangu kwenye timu kwa kutumia kompyuta na jedwali la safu kumi na moja. Sikumsema vibaya mahali popote. Nilimpa kocha namba tu, naye akafanya yaliyobaki.

Ilikuwa timu ya kikapu ya bweni letu. Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, kwa hiyo kazi ya kuweka kumbukumbu za mechi iliniangukia mimi bila mjadala. Nahodha wetu alikuwa mwalimu wa sekondari aliyerudi chuoni akiwa na mke na watoto wawili, mtu wa miaka thelathini na kitu, magoti yamechoka, na sisi wote alituita wadogo zake. Ndiye aliyetupa sana kuliko wengine na ndiye aliyekosa sana. Hilo kila mtu aliliona kwa macho. Nilichofanya mimi ni kuliwekea desimali.

Nieleze kidogo hesabu yenyewe, maana uzuri wake ndio ulionilevya. Asilimia ya kawaida ya mitupo inadanganya. Mchezaji aliyefunga mitupo 5 kati ya 10 ya pointi mbili ana asilimia 50 na pointi 10. Aliyefunga 4 kati ya 10 ya pointi tatu ana asilimia 40 tu, lakini ameiletea timu pointi 12. Ndiyo maana wachambuzi wa kikapu huchukua pointi zote za mchezaji wakazigawanya kwa mara mbili ya jumla ya mitupo yake na sehemu ya mitupo huru, ambayo kwa kawaida huzidishwa kwa 0.44. Namba moja inatoka, na inakuambia kila nafasi aliyoitumia mtu ilizaa nini. Kwenye orodha yangu nahodha alikuwa wa mwisho. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Niliamini kwamba natenda haki, na bado nadhani hoja yangu haikuwa ya kipuuzi. Mpira ukiwa mkononi mwako si wako, ni wa watu watano. Ukitupa vibaya umekula cha wenzako wanne. Katika mchezo huu uchoyo unapimika, na mtu mwenye jina kubwa au sauti kubwa anaweza kuuficha miaka mingi kama hakuna anayehesabu. Namba pia zimewahi kuwatendea haki wanyonge. Mwaka 2009 Michael Lewis aliandika katika jarida la New York Times kuhusu Shane Battier wa Houston Rockets. Battier hakufunga sana na hakudaka ribaundi nyingi. Lakini alipokuwa uwanjani wenzake walicheza vizuri zaidi na wapinzani walicheza vibaya zaidi, na hilo lilionekana tu ulipohesabu tofauti ya pointi za timu kwa dakika alizocheza. Alipomkaba Kobe Bryant hakujaribu kumzuia asitupe, alimsukumia kwenye sehemu za uwanja ambazo Kobe hufunga kwa shida. Bila hesabu za Daryl Morey, meneja wake, nani angemwona?

Nilimtajia kocha makala hiyo siku nilipompelekea jedwali. Sikumtajia sehemu nyingine ya makala hiyohiyo, kwa sababu wakati ule niliisoma kama kichekesho. Robo inapokwisha na mpira uko mbali, mchezaji anaweza kuurusha kutoka nyuma ya nusu ya uwanja akibahatisha. Timu haipotezi kitu, na mara mojamoja unaingia. Anayepoteza ni mrushaji, kwa kuwa akikosa anaandikiwa mtupo uliokosa. Basi Battier, mfano wa kutojipendelea, alikuwa na ujanja wake: alisubiri king'ora kilie kwanza, kisha akaurusha. Morey alishamwambia kwamba wao hawaihesabu mitupo hiyo. Ila Battier alijua kuwa timu atakayohamia kesho huenda itaihesabu.

Wengi walifanya kama yeye, kiasi kwamba kuanzia msimu wa 2025-26 NBA ilibadili kanuni: mtupo wa namna hiyo ukikosa katika sekunde tatu za mwisho za robo tatu za kwanza, unaandikiwa timu, si mtu. Nadhani ni kanuni nzuri. Lakini inakiri jambo zito, kwamba kwa miaka yote hiyo namba zilikuwa zikiwafundisha watu wazima kuwanyima wenzao kitu kidogo ili kulinda rekodi zao.

Sasa nirudi kwetu. Baada ya nahodha kuwekwa benchi, alicheza mechi mbili za dakika chache kisha akaacha kuja. Wakati wa likizo nikaangalia tena video ambazo dada mmoja wa mwaka wa pili alizipiga kwa simu kutoka jukwaani. Sisi hatuna saa ya sekunde 24 ukutani. Mezani anakaa mtu na simu, na zikibaki tano anapaza sauti: tano, nne, tatu. Sauti hiyo inasikika kwenye video. Nikaanza kusikiliza badala ya kutazama. Karibu kila mtupo mbaya wa nahodha ulikuja na ile sauti. Na kabla ya sauti, mara nyingi, nilikuwepo mimi. Nina mpira, nimekabwa, naona mtupo wenye nafasi ndogo ya kuingia, nampa yeye. Kwenye jedwali langu hiyo ilikuwa pasi. Haikuniharibia chochote.

Kwa hiyo asilimia yangu nzuri ilitengenezwa kwa asilimia yake mbaya. Sikupanga hivyo, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko ningekuwa nimepanga. Niliita busara ya kuchagua mitupo kile ambacho kwa sehemu kilikuwa woga, na nikauita uchoyo ule uamuzi wake wa kukubali kukosa mbele ya watu.

Mwanafalsafa Robert Nozick, katika kitabu chake cha 1974, alimtumia Wilt Chamberlain kutetea haki ya mtu kumiliki matunda ya kipaji chake: watazamaji wanalipa kwa hiari kumwona Wilt, basi fedha ni zake. Tulijadili mfano huo darasani shahada ya kwanza, na sikumbuki kama kuna aliyeuliza nani alimpa Wilt mpira. Usiku wa Machi 2, 1962, alipofunga pointi 100, alitupa mara 63 na Guy Rodgers alimpa pasi 20 za kufungia. Wilt amekuwa mfano wa falsafa. Rodgers yumo kwenye karatasi ya takwimu.

Nilimtumia nahodha kipande kimoja cha video kwa WhatsApp, na maelezo marefu ya kuomba radhi. Alijibu baada ya siku mbili: "Mdogo wangu, mimi nilikuwa nasikia hizo sekunde tangu zamani. Wewe ndiyo umezisikia leo?" Halafu akaniuliza habari za tasnifu.

Msimu huu kocha ameomba jedwali tena. Nimeongeza safu ya kumi na mbili, sekunde zilizobaki mpira unapomfikia mtupaji, na ya kumi na tatu, jina la aliyempa. Nimeshajaza mechi nne. Katika zile zilizobaki chini ya tano, jina langu bado linajitokeza kuliko la mtu mwingine yeyote.