Mguu Huo Usichanjwe

Mwanangu, kaa, uuweke mguu juu ya kigoda. Nitasema taratibu, maana haya nimeyasema kwa wengi na pumzi zenyewe zimepungua.

Huku pwani mguu ukivimba, kila mtu atakuambia ni matende. Matende huletwa na minyoo ienezwayo na mbu. Tatizo lako ni jingine: ni ugonjwa wa Graves, ule ulioanzia kwenye tezi ya shingo. Kingamwili zilizoichokonoa tezi ndizo zinazochochea chembehai za ngozi zitoe ute mwingi, na ute huo huvuta maji. Kwa hiyo ngozi ya muundi imekuwa nene, ina vitundu kama ganda la chungwa.

Unashangaa mbona umevimba baada ya tezi kutibiwa. Hutokea hivyo mara nyingi. Homoni hutulia, lakini kingamwili bado zimo mwilini. Basi vidonge usiviache, wala usikose kupima damu.

Shangazi yako anataka uchanjwe, damu chafu itoke. Mheshimu, ila wembe ukatae. Nimechoka, mwanangu, kuona miguu iliyochanjwa. Ngozi hii ikijeruhiwa huzidi kufura. Hata wapasuaji huogopa kuikata, kwa kuwa uvimbe huweza kurudi palepale kwenye kovu.

Dawa ipo, ila ina mwendo wa kobe. Daktari wa ngozi atakupa krimu kali ya steroidi, uipake usiku na kuifunika kwa nailoni, kwa wiki kadhaa. Si zile za kujichubua zinazouzwa sokoni, hizo ziache kabisa. Akishahakikisha damu inafika vizuri mguuni, atakufunga bandeji ya kubana. Pakiwa sugu, huchoma sindano ya triamsinoloni ndani ya uvimbe wenyewe. Mguu ulioharibika sana hupelekwa hospitali kubwa, wakajaribu dawa kama rituksimabu. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Usimwamini anayekuahidi mwezi mmoja. Hesabu miezi, pengine miaka.

Na sigara, mwanangu. Hilo silisemi kwa kukuonea. Moshi huuchochea ugonjwa huu, na macho ndiyo huumia zaidi. Karibu kila mwenye mguu kama wako macho yake yameguswa pia. Ukiona vitu viwiliviwili, au rangi zikianza kufifia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.