Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Timu ya watu wasioonana



Siku hizi wengi wenu mnafanyia kazi nyumbani. Bosi yuko mji mwingine, wenzako unawajua kwa sauti tu. Kijana mmoja aliniuliza baada ya tarawehe: "Sheikh, udugu wa kazini unajengwaje na mtu ambaye hata mkono hujawahi kumpa?"

Mtume (s.a.w.) aliwatuma Muadh bin Jabal na Abu Musa Al-Ash'ariy (r.a.) Yemen, kila mmoja na upande wake. Kwa mapokezi ya Bukhari, aliwausia wawarahisishie watu wala wasiwatie uzito, wawape bishara njema wala wasiwakimbize, na wao wawili wasikilizane. Kila mmoja akashika kazi yake, lakini akipita karibu na eneo la mwenzake, humtembelea akamsalimu. Waliulizana hata namna kila mmoja anavyosoma Qur'ani. Yaani walijuliana hali, si kazi tu.

Mimi hapo niliteleza. Mwaka jana mwalimu mmoja wa madrasa hakujibu kwenye grupu letu siku mbili. Nikaandika mbele ya wote: "Wengine mnaifanya kazi ya Allah mchezo." Kumbe yuko hospitali anamuuguza mama yake. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini grupu lilipoa. Kila nikiandika, najibiwa "sawa Sheikh", basi. Imechukua miezi watu kuanza tena kuniambia ukweli.

Mkiwa mbalimbali, ukimya wa mtu mnaujaza kwa dhana. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Tazama mpangilio huo. Ukishamdhania mwenzako, utaanza kumchunguza, na mwisho mtafungua grupu la pembeni la kumsema.

Nawe uliye nyumbani, usijifiche nyuma ya aya hiyo. Saa nane mchana uko jikoni peke yako, maji yapo, na hunywi. Hakuna bosi anayekuangalia. Basi anayeiona saumu yako ndiye anayekuona umeandika "nipo kazini" huku umelala. Mshahara ni amana.

Leo tufanye haya:

1. Mwenzako akikaa kimya, mpigie. Muulize hali kwanza, kazi baadaye.
2. Kosa lake mwambie faragha. Zuri lake liseme mbele ya wote.
3. Ukiona kazi haitaisha kwa wakati, sema mapema, wenzako wasihangaike.
4. Wewe kiongozi, usipange kikao karibu na magharibi. Muache mtu afuturu na watoto wake.

Kama kuna uliyemuumiza kwa ujumbe, usingoje Idi. Mtafute leo kabla ya futari.

Ewe Allah, tusafishie nyoyo zetu, utujaalie tuaminiane tukiwa karibu na tukiwa mbali, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum.