Sumu Isiyo na Rangi: Kupima ni Amana



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila kiumbe utokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu na dada zangu wanafunzi, sote tuliopita madrasa, iwe Buyenzi au mikoani, tulianza fiqhi kwa mlango wa maji. Tulifundishwa kwamba maji mengi, yaliyofika kulla mbili, hayanajisiki mpaka najisi iyabadilishe rangi, ladha au harufu. Jicho, ulimi na pua ndivyo vipimo vyetu vya kwanza. Ni rehema kubwa, kwa sababu mkulima wa Rumonge na daktari wa Bujumbura wote wanavyo, na dini haikumtwika mtu asichokiweza.

Lakini tujiulize: je, maji yanayofaa kwa udhu ni lazima yawe salama kwa mwili? Mzee mmoja wa mtaani kwetu, tulipokuwa tunazungumza baada ya Alasiri, aliniambia: "Mwanangu, ziwa lile ni bahari. Kulla mbili zinakwisha hesabu. Litachafuka vipi?" Kwa upande wa tohara mzee wangu amesema kweli. Lakini sheria yetu haikuishia kwenye tohara, na ndiyo maana naandika.

Maji tohara yanayochukiza

Rudini kwenye Matni ya Abu Shuja, ambayo wengi wetu tumeisoma. Amegawa maji mafungu manne. La kwanza ni maji mutlaki, yasiyo na tatizo. La pili ni maji ambayo ni tohara na yanatoharisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini: maji yaliyopashwa na jua. Wenye kufafanua wakasema ni yale yaliyokaa juani katika chombo cha madini, katika nchi ya joto. Kwa nini yachukize, na hali hayana najisi hata tone? Imamu Shafi amesema kuwa hayachukii isipokuwa kwa upande wa utabibu, kwa kuchelea madhara ya ngozi.

Imamu Nawawi, naye ni wa madhehebu hiyo hiyo, hakukubali. Aliona kuwa riwaya zinazotajwa hapo ni dhaifu, na kwamba kwa matabibu hakuna kilichothibiti. Tazameni walichotofautiana. Hawakugombana kama madhara yana uzito katika sheria, hilo wamekubaliana. Wametofautiana kama madhara yamethibiti. Yaani hukumu ilikuwa inasubiri ushahidi wa mwenye kujua miili na madini.

Ndugu zangu, huyo mwenye kujua, zama hizi, ni mwanafunzi wa kemia, wa biolojia, wa udaktari, wa kilimo. Ni wewe unayesoma gazeti hili.

Ziwa letu lina kumbukumbu ndefu

Sisi wa Bujumbura tunakunywa Ziwa Tanganyika. REGIDESO huyateka maji ziwani, huyasafisha na kuyaleta mabombani. Na mito inayokatiza mji, Ntahangwa, Muha na Kanyosha, inamwagikia ziwa hilo hilo, pamoja na kila ilichokibeba njiani: oili chafu ya gereji, maji ya viwandani, dawa za mashambani, takataka za sokoni.

Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na limehifadhi kiasi cha asilimia 17 ya maji baridi ya juu ya ardhi duniani. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke. Maji yakipanda juu kama mvuke, madini mazito hayapandi nayo. Kwa hiyo ukubwa wa ziwa unaompa mzee wangu matumaini, mimi unanipa hofu: kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana.

Wapo waliolipima. Mwaka 1976 jarida la Bulletin of Environmental Contamination and Toxicology lilichapisha utafiti juu ya mabaki ya viuatilifu vya klorini, jamii ya DDT, katika samaki wa ziwa hili. Mwaka 2002 watafiti wa Burundi na Ubelgiji wakachapisha vipimo vingine vya samaki wa upande wetu wa Burundi, na DDT ilikuwa bado imo. Robo karne imepita kati ya makala hizo mbili, na sumu ile ile inaonekana.

Sababu inaeleweka. DDT haiyeyuki vizuri katika maji; hukimbilia mafuta ya mwili na kukaa humo. Vijidudu vya majini huipata kidogo. Ndagala hula vijidudu wengi. Mukeke hula ndagala wengi. Kisha tai wa Rusizi na mimi na wewe tunamla mukeke. Kila ngazi hukusanya akiba ya ngazi iliyo chini yake. Ukichota glasi ya maji ya ziwa, huenda mashine isione kitu. Ukipima mafuta ya samaki mkubwa, inaona. Rangi haikubadilika, ladha ya mukeke ni ile ile tuipendayo, na harufu yake bado inaita watu mezani.

Kiasi chenyewe huhesabiwa kwa nanogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Asiyejua hucheka: kitu kidogo hivyo kina nini? Muumini hapaswi kucheka. Suratu Zilzala imetufundisha kuwa uzito wa chembe hauachwi bila kuhesabiwa, uwe wa kheri au wa shari, na kwamba ardhi yenyewe itakuja kutoa habari zake. Mola wetu anahesabu chembe. Kwa nini sisi tuone aibu kuzihesabu?

Mwili nao hutoa ushahidi

Samaki na ndege ni mashahidi wa kwanza, nao Qur'ani imewaita umma mfano wetu. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alilinganisha mayai ya kozi yaliyohifadhiwa tangu zamani na yale ya baada ya vita vikuu vya pili. Alikuta maganda yamekuwa membamba, na wembamba huo ulianza zama zile zile viuatilifu hivi vilipoanza kumwagwa mashambani. Mama alikuwa analalia mayai na kuyavunja kwa uzito wake mwenyewe. Ndege hana ulimi wa kushtaki. Kipimo ndicho kilichomsemea.

Mwanadamu naye hupimwa. Damu huonyesha madini ya risasi. Nywele huonyesha zebaki, na kwa kuwa hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, unywele mrefu ni kama daftari la miezi iliyopita. Maziwa ya mama huonyesha DDT na jamaa zake. Ndiyo maana baada ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 maziwa hayo yamepimwa katika nchi nyingi. Hapa nawaomba dada zangu wanisikie vizuri: Shirika la Afya Duniani bado linahimiza kunyonyesha, kwa sababu faida yake ni kubwa. Vipimo hivyo havikuja kumtoa mtoto kifuani kwa mama. Vimekuja kuwazuia wanaomwaga sumu.

Mfano wa karibu uko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, mwanawe mchanga aliumwa, na damu ya mtoto ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Akawasihi majirani nao wapimwe. Kabla ya kipimo, ilikuwa maneno ya watu maskini dhidi ya mwenye mali: homa, bahati mbaya, uchafu wao wenyewe. Baada ya kipimo, ilikuwa namba mbele ya hakimu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa kesi iliendelea kupanda na kushuka katika rufaa.

Ndipo nikasema kupima ni amana. Sumu isiyoonekana humnyima aliyedhurika hata haki ya kulalamika, kwa sababu hana cha kuonyesha. Anayejua kupima akakaa kimya anafanana na shahidi anayeificha shahada yake, na mnajua Suratul Baqara ilivyousema moyo wa mtu huyo.

Adabu za mpimaji

Kwanza, mizani ya kweli. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Tusidhani ni wauza mchele wa sokoni peke yao. Mwanafunzi anayebuni namba maabara ili amalize memwari yake haraka naye amepunja, na aliowapunja ni watu watakaokunywa maji kwa kuamini karatasi yake.

Pili, tusizushe hofu. Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari. Kuikuta sumu na kuthibitisha kuwa imedhuru ni mambo mawili. Namba ina maana pale tu inapolinganishwa na kiwango kinachojulikana. Usiandike kwenye simu kwamba samaki wa Bujumbura wana sumu, ukamkatia riziki mvuvi wa Kabondo na mama anayeuza ndagala, na huna kipimo.

Tatu, majibu ni ya waliopimwa. Ukichukua damu ya mtoto wa mtu, au samaki wa mvuvi, ukapata cheti chako ukaondoka bila kumrudishia habari kwa lugha anayoielewa, umekula amana.

Nne, tuondoe madhara tunayoyajua tayari. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana haingoji maabara. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kujisaidia penye maji wanayoyategemea wenzao, basi oili chafu na maji ya betri yana hukumu gani? Gereji nyingi za mji huu ni za ndugu zetu. Tuwaendee kwa adabu, tuwaombe wasimwage oili kwenye mtaro, wasipasue betri uani wanapocheza watoto, wanawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Tukumbuke hadithi ya watu wa jahazi: wa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu, na lau wangeachwa wangezama wote. Ntahangwa ni jahazi letu.

Wanazuoni wamesema elimu ambayo umma hauwezi kuishi bila yake ni fardhi kifaya: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Nani kati yetu atachagua maji ya Ntahangwa kuwa mada ya memwari yake? Nani katika wanaosoma udaktari Kamenge atakapomwona mtoto mwenye upungufu wa damu atauliza pia, "Baba yako anafanya kazi gani?" Jumuiya yetu ina wanafunzi wa karibu kila kitivo. Nashauri muhula huu tukutane baada ya swala ya Ijumaa, tuorodheshe nani anajua nini, na tuwafuate walimu wetu tukiwa na swali moja lililo wazi.

Ewe Mola wetu, tunufaishe kwa ulichotufundisha, utuzidishie elimu, uyahifadhi maji yetu na watoto wetu, wala usitujaalie kuwa katika wanaoharibu ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.