Uongo Usio na Mwongo

Mtu mmoja ameandika kwenye ramani kwamba hapo kona pana duka la dawa, linafunguliwa usiku kucha. Siku aliyoandika lilikuwepo kweli, taa inawaka, muuzaji kakaa nyuma ya nondo anasinzia. Miezi minane baadaye mwenye nyumba akapandisha kodi, duka likahama. Ramani haikuhama. Sasa ni saa nane za usiku, mama ana mtoto anayechemka kwa homa, simu inamwambia nenda pale. Anakodi bodaboda kwa hela yake ya mwisho, anafika anakuta kinyozi, na mlango umepigwa kufuli. Nani kamdanganya?

Jibu la kijiweni ni jepesi: hakuna. Aliyeandika aliandika ukweli. Mwenye duka alihama kihalali. Wenye ramani, wao eti walipokea tu walicholetewa. Haya, lakini mama kadanganyika, hilo halina ubishi; hela imekwenda, muda umekwenda, na homa haijashuka. Kwa hiyo tunao uongo uliokamilika kila kitu. Una mdanganywa, una hasara, una hata mahali na saa. Kinachokosekana ni mwongo tu.

Tangu madrasa na shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba kusema uongo ni kusema jambo ambalo wewe mwenyewe unajua si kweli. Kwa tafsiri hiyo, katika habari ya mama huyu hakuna dhambi hata chembe. Mimi nasema tafsiri ndiyo pungufu.

Kabla hatujafika mbali, tuondoe jambo moja njiani. Dar es Salaam imejaa majina ya vitu ambavyo havipo. Panda daladala ya Sinza, mwambie konda "nishushe kwa Remmy". Utashushwa, wala hutagombana na mtu kwamba hukumkuta Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki Desemba 2010. Anayeshuka Mwembechai hatafuti mwembe wala chai. Kariakoo ilipewa jina na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Kikosi kilishatawanyika zamani, ingawa wabeba mizigo pale wangali tele, wa aina nyingine. Hakuna anayedanganywa na majina haya, kwa sababu jina halidai kitu. Jina ni kidole tu, kinaonyesha. Lakini ukiandika "duka la dawa, saa 24", hapo hukutoa jina, ndugu yangu, umetoa ahadi. Na tofauti yake ni kubwa: jina huzeeka kama kanga, kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika. Ahadi huzeeka kama samaki.

Nadhani lugha yetu ililiona tatizo hili kabla ya simu na kompyuta. Walimu wa sarufi walitupa -po, -ko na -mo: -po ya mahali dhahiri, -ko ya mahali pasipo dhahiri, -mo ya ndani. Mtaani tunazichanganya, sawa, lakini sikio bado linajua. Muulize mtu njia. Mwenye hakika atakwambia "lipo pale, mkono wa kushoto, unaona ule mwembe?" Asiye na hakika atasema "liko huko huko mbele, utaliona," na wewe utaelewa kwamba ukifika huko mbele ni bora uulize tena. Juu ya hapo tuna nyakati zetu: lilikuwepo, lingalipo, limeshahama. Anayeelekeza kwa mdomo anakupa na mashaka yake humo humo ndani ya sauti, bila kukutoza.

Ramani haina sauti hiyo. Kwake kila kitu ni -po. Duka lililoandikwa jana lipo, la miaka kumi iliyopita nalo lipo, la kusikia kwa jirani lipo. Yote yamepangwa kwa alama za ukubwa mmoja, rangi moja, yakizungumza kwa ujasiri mmoja. Ujasiri huo ndio unaoniudhi. Mwenye kuandika alisema "nililiona siku ile". Ramani ikamnukuu kana kwamba amesema "lipo milele".

Kuna kisa cha kinyume chake huko Marekani ambacho kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Miaka ya 1930 kampuni ya General Drafting ilichora ramani ya jimbo la New York ikachomeka humo kimji cha uongo, Agloe, jina lililoundwa kwa kuchanganya herufi za mwanzo za majina ya mkurugenzi wake Otto G. Lindberg na msaidizi wake Ernest Alpers. Ulikuwa mtego: mwizi atakayenakili ramani atanakili na Agloe, atakamatwa. Baadaye kweli Agloe ikaonekana kwenye ramani ya Rand McNally. Wenye mtego wakashangilia, kumbe wapi! Kuna mtu alikuwa ameliona jina lile kwenye ramani, akajenga duka mahali pale pale na kuliita duka la Agloe. Mji wa uongo ukawa na duka la kweli, na wale wengine wakawa wamechora kitu ambacho kipo.

Ziweke hadithi hizi mbili pamoja. Wa New York alisema uongo kwa makusudi, msafiri akakuta duka. Wa kwetu alisema kweli kwa nia safi, mama akakuta kufuli. Kama tunapima maadili kwa siku ya kuandika peke yake, itabidi tumsifu mwandishi wa kwetu na tumlaani yule, halafu tumweleze mama kwamba alihudumiwa na mtu mwaminifu. Haiwezekani. Ukweli wa ramani hauko kama cheti cha kuzaliwa, kinachoandikwa mara moja kikawekwa kabatini. Uko kama moto wa mkaa. Kuuwasha ni kazi ya mara moja, kuuchochea ni kazi ya kutwa.

Na anayeungua kwa uzembe huo si mteja peke yake. Karibu na mji wa Washington, Great Falls, jimbo la Virginia, kulikuwa na mkahawa uitwao Serbian Crown, wa miaka karibu 40, ambao ulijulikana kwa kuuza hata nyama ya simba. Ulifungwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata mwenyewe alikwenda mahakamani kuishtaki Google, akidai kwamba maelezo ya mkahawa wake kwenye mtandao yalikuwa yanasema haufunguliwi mwisho wa wiki, na wateja wa siku hizo, ambao ndio waliokuwa roho ya biashara, wakakatika. Hakufanikiwa. Na kwa kweli sijui utampimiaje hakimu kilo za wateja ambao hawakuja, kwani mteja asiyekuja hagongi mlango kueleza sababu. Lakini hebu fikiri: wewe upo, jiko linawaka, meza zimefutwa, na mahali fulani usipopaona pana sauti inamwambia kila anayeuliza kwamba leo umefunga.

Basi nani anadaiwa? Aliyeandika mara ya kwanza, hasa kama ni mtu wa kujitolea, mimi simdai sana. Alitoa zawadi. Kampuni inayopata faida kwa sababu sisi tunaamini, hiyo naidai zaidi kuliko wote. Huwezi kuuza imani ya watu halafu ukasema hukuhusika na kilichoaminiwa. Mwenye duka naye ana sehemu yake, angalau abandike karatasi mlangoni: tumehamia mahali fulani.

Lakini kuna mtu wa nne tunayemsahau, jirani. Yeye anapita hapo kila siku. Ananyolewa hapo hapo. Anajua. Utasema, kwani ramani ni ya baba yake? Sikiliza. Mgeni akisimama kwenye nyumba isiyo na watu akapiga hodi, hodi, hodi, jirani wa upande wa pili hata kama hamjui atapaza sauti kutoka barazani: "Wamehama hao!" Hakuna sheria inayomlazimisha, halipwi, na bado asipofanya hivyo tutamwona mtu wa ajabu, amemwacha mwenziwe anapiga hodi kwa kuta. Sasa kila anayefungua ramani anapiga hodi. Tofauti ni kwamba hatumsikii. Ramani huria kama OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, imejengwa juu ya wazo hilo hilo la jirani, kwamba yeyote anayejua anaweza kusahihisha. Na hata zile za makampuni zina mahali pa kubonyeza ukasema hili halipo tena. Ni kazi ya dakika moja. Deni la jirani ni dogo kuliko la kampuni, nakubali, ila deni dogo likiwa la watu wote hakuna anayelipa.

Tatizo lingine ni kwamba sifa zote tumezipeleka kwenye kuwasha moto. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera, Nairobi, walianza kuzunguka na vifaa vya GPS wakichora mtaa wao, kwa sababu kwenye ramani mahali hapo palikuwa doa tupu. Jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, na kwa ramani zile ungedhani msitu bado upo, watu bado. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, naivulia kofia. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wakaichora Tandale, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendelea na kata nyingine za Dar es Salaam ambazo mafuriko yanazijua kwa majina: nyumba, visima, vyoo, mitaro. Sasa chukua mtaro mmoja. Siku ya kuchorwa ulikuwa unapitisha maji. Baada ya misimu miwili umejaa mifuko na matairi, au mtu kajenga ukuta juu yake. Kwenye ramani mtaro upo. Siku ya kuchora kulikuwa na fulana, picha za pamoja na vyeti. Siku ya kurudi kuutazama mtaro hakuna fulana. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyokimbizana na Sensa ya tarehe 23 Agosti, ilitupa nguzo za majina ya mitaa na vibao vya namba milangoni, jambo jema. Ila mwenye nyumba leo anajenga fremu tatu mbele ya ile nyumba, kesho warithi wanaigawa, na kibao ni kile kile kimoja. Sisi wa kalamu tuna ugonjwa wa namna hiyo hiyo: tunapenda toleo la kwanza, kusahihisha tunamwachia mhariri.

Hapo nilipofika kuna mtu atadhani nataka kila kitu kiandikwe, kila kibanda, kila meza. Hapana. Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara na kwenye njia za waenda kwa miguu. Kama ungekuwa umechora meza zote mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na mmoja ungebaki na ramani ya mizimu. Na kabla ya hapo, je, mama ntilie angekushukuru kwa kumweka kwenye ramani kwa usahihi wa mita mbili? Wateja wake wanamjua kwa harufu ya mchuzi. Mgambo wa jiji ndiye anayehitaji ramani. Famasi imejitangaza yenyewe kwa watu wote, kisima cha mtaa ni cha wote, hivyo vinaidai ramani ukweli. Mtu anayetafuta riziki pembeni hajajitangaza kwa wote. Ametandaza jamvi, basi. Kwake inabidi wewe mchoraji ndiye upige hodi, na ukiambiwa hapana uondoke.

Mkoani Mara jambo hili si la kinadharia. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji na barabara ambazo hazikuwa kwenye ramani, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Kazi hiyo imenyooka. Lakini barabara iliyochorwa haichagui anayepita. Anayemwokoa msichana ataiona, na anayemfuata ataiona vile vile. Kwa hiyo kuna usahihi unaopaswa kukaa kwenye kichwa cha watu wachache tu.

Mimi ningetaka alama zetu ziwe na tarehe, na tarehe hiyo aione mtumiaji, si mafundi peke yao: "lilionekana kwa macho, Machi mwaka huu". Hapo ramani ingejifunza kusema lilikuwepo, na mama wa saa nane za usiku angejua kama afunge safari au apige simu kwanza.

Na wafu je? Tuseme fundi cherehani wa mtaani amefariki. Cherehani imeuzwa, chumba kina mpangaji mwingine. Kwenye ramani jina lake bado lipo, pamoja na picha yake akicheka na futi shingoni, na mjane hataki kusikia habari ya kuifuta. Kijana mwenye bidii ya usahihi atabonyeza "limefungwa kabisa" na kwenda zake. Mimi ningeondoa saa za kazi na namba ya simu. Jina ningeliacha.